Mbunge Atamweleza Nani?

Wanaojua kuwa kazi yangu ni kuchambua kura za mabunge huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: mbunge yule aliwezaje kuupigia kura ya ndiyo muswada ule? Mara nyingi muulizaji ana jibu lake tayari. Ama mbunge amehongwa, ama amefyata mkia mbele ya chama. Yote mawili hutokea, na yanapotokea yanastahili kusemwa bila kificho. Lakini tukiyafanya maelezo ya kila kura hatutaona jinsi uamuzi wenyewe unavyojengwa, na asiyejua unavyojengwa hawezi kuugeuza.

Nianze na nia. Mwaka 1974, David Mayhew, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alipendekeza tumtazame mbunge kana kwamba anataka kitu kimoja tu: kuchaguliwa tena. Alijua kwamba binadamu ana zaidi ya hayo rohoni, ila alionyesha kuwa dhana hiyo moja inaeleza mengi: kwa nini wabunge hutafuta kuonekana, kwa nini hujitwalia sifa ya kila barabara na kila daraja, kwa nini hutangaza misimamo hata katika mambo wasiyo na uwezo wa kuyabadili. Mwaka mmoja kabla yake, Richard Fenno, aliyechunguza kamati za Bunge la Marekani, alikuwa ameyaona malengo matatu: kurudi bungeni, kuwa na uzito miongoni mwa wenzake, na kupitisha sera anazoamini ni njema. Mimi nasimama karibu zaidi na Fenno. Ni nadra kumkuta mbunge asiye na hata jambo moja analoliamini kwa dhati. Shida ni kwamba mambo hayo ni mawili au matatu, na miswada ni mamia.

Hamu ya kuchaguliwa tena nayo haipaswi kutuchukiza. Mbunge asiyejali kurudi hana sababu ya kutusikiliza. Linalonishughulisha mimi ni jingine: nani hasa anayemrudisha?

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo mijadala mingi huishia juu juu. Katika nchi zinazotumia orodha za vyama, kama Afrika Kusini, Hispania na Israel, mpiga kura huchagua chama; majina na mpangilio wake hupangwa na chama chenyewe. Mbunge aliye nafasi ya nne anajua ni akina nani wanaoweza kumshusha hadi ya arobaini. Penye majimbo ya mbunge mmoja mmoja, mambo hutegemea kura za mchujo ndani ya chama. Jimbo likiwa ngome ya chama kimoja, uchaguzi halisi ni ule wa mchujo, na wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache na aghalabu ndio wenye msimamo mkali zaidi. Mbunge huyo atawaogopa hao kuliko wananchi wote wa jimbo lake. Moyo wa mtu usibadilike hata chembe, ukihamisha mamlaka ya uteuzi umeihamisha kura yake.

Kisha kuna sheria za kiti chenyewe. India iliongeza kwenye katiba yake, mwaka 1985, kifungu kinachoweza kumvua kiti mbunge anayehama chama, na pia anayepiga kura kinyume cha maelekezo ya chama au anayejizuia kupiga bila idhini. Katiba za Tanzania na Kenya zina masharti yanayomfanya mbunge aliyechaguliwa kupitia chama apoteze kiti akiacha uanachama. Kusudi lilikuwa la maana: kuzuia biashara ya kununua wabunge. Lakini pale chama kinapoweza kumfukuza mwanachama na kiti kikaenda pamoja na kadi, mbunge hupiga kura akijua kwamba bosi wake wa kwanza hayupo jimboni. Ujerumani inaandika katika ibara ya 38 ya katiba yake kwamba mbunge hafungwi na maagizo ya mtu yeyote, anaitii dhamiri yake tu, na bado wabunge wa huko hupiga kura pamoja na vyama vyao karibu siku zote. Kwa hiyo nidhamu ya chama haiishi katika sheria peke yake. Wanadhimu, au viranja kama wengine wanavyowaita, yaani wabunge wanaosimamia nidhamu ya kura ndani ya chama, wana mengi mkononi: nafasi kwenye kamati, safari, uwaziri unaonukia, hata ofisi nzuri au mbovu.

Bei ya kukaidi ilionekana waziwazi Uingereza tarehe 3 Septemba 2019. Wabunge 21 wa Conservative waliungana na upinzani ili Bunge lichukue ratiba ya shughuli mikononi mwa serikali na kuzuia nchi kutoka Umoja wa Ulaya bila makubaliano. Siku hiyohiyo wakatolewa kwenye kundi la wabunge wa chama chao. Miongoni mwao walikuwamo Kenneth Clarke na Philip Hammond, waliowahi kuwa mawaziri wa fedha, na Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill. Kumi kati ya hao 21 walirudishiwa nafasi zao mwezi uliofuata. Nikiulizwa mfano wa watu waliopiga kura wakijua gharama yake, huwataja hawa, hata kwa wasiokubaliana na msimamo wao.

Lakini kura kama hizo ni chache, na hilo watu wengi hawaliamini. Nyingi hupita bila gazeti hata moja kuziandika. Mwaka 1969, John Kingdon alikuwa akiwafuata wabunge wa Marekani kila wiki na kuwauliza kuhusu uamuzi mmoja tu waliotoka kuufanya. Aligundua kuwa mbunge hujiuliza kwanza kama suala lina ubishi. Kama halina, anakwenda na wenzake na kuendelea na kazi nyingine. Kama lina ubishi, anawatazama wale ambao maoni yao yana maana kwake: wapiga kura wa jimbo, viongozi wa chama, serikali, makundi yenye maslahi, wasaidizi wake, na wabunge wenzake. Wote hao wakielekea upande mmoja, kura imekwisha amuliwa. Kazi ya kufikiri huanza pale tu wanapogawanyika.

Na katika orodha hiyo, wabunge wenzake wana nguvu kuliko tunavyodhani. Hakuna anayeweza kusoma miswada yote. Mbunge aliyewahi kuwa mwalimu anaaminiwa kwenye elimu, aliye kwenye kamati ya maji anaaminiwa kwenye maji, na wengine huwauliza mlangoni, dakika chache kabla ya kura: huu ukoje? Jibu linalotolewa pale, sentensi moja au mbili, ndilo linalobeba kura nyingi. Anayetaka kuubadili muswada akiwa nje ya Bunge angefanya vyema kumtafuta huyo mmoja anayeulizwa na wenzake, badala ya kuwaandikia wote barua ileile.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote limo humohumo katika kazi za Kingdon na Fenno: mbunge hutafuta kura anayoweza kuieleza. Kabla hajasema ndiyo au siyo, anajiwazia akiwa amesimama mbele ya watu fulani na kujibu kwa nini. Akikosa maelezo yanayoshika mbele ya watu wanaomrudisha bungeni, atasita hata kama anaupenda muswada. Akiyapata, ataunga mkono hata muswada unaomchoma kidogo. Kwa hiyo nikitaka kubashiri kura, naanza na mtu atakayeelezwa, kisha nauliza ni maelezo gani yanapatikana, na moyo wa mbunge nauangalia baada ya hapo.

Agosti 1993, bajeti ya Rais Bill Clinton ilikuwa inaning'inia katika Bunge la Wawakilishi. Marjorie Margolies-Mezvinsky, mbunge wa muhula wa kwanza kutoka Pennsylvania, alikuwa amewaahidi watu wa jimbo lake, lililozoea kuchagua Republican, kwamba hatapandisha kodi. Kura yake ilihitajika, akaitoa. Bajeti ikapita kwa 218 dhidi ya 216, na baadhi ya wapinzani ukumbini wakamwimbia kwaheri. Alichopata kwa Clinton ni mkutano mkubwa kuhusu matumizi ya serikali, uliofanyika jimboni kwake Desemba mwaka huo. Mkutano ule ulikuwa maelezo: kitu cha kuwaonyesha watu kwamba kura yake ilikuwa na kusudi. Haukutosha. Uchaguzi wa 1994 ukamwondoa. Mimi naiheshimu kura ile, na naiona pia kama kipimo cha jinsi maelezo yanavyoweza kushindwa yanapopingana na ahadi iliyotamkwa hadharani.

Upande wa pili yuko Barbara Lee wa California. Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Bunge la Wawakilishi liliidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi kwa kura 420 dhidi ya moja. Ile moja ilikuwa yake. Alipokea vitisho hadi akawekewa ulinzi. Lakini jimbo lake lilimrudisha mwaka uliofuata, na likaendelea kumrudisha kwa miongo miwili. Sehemu ya sababu ni jimbo lenyewe na mwelekeo wake. Sehemu nyingine ni imani aliyokwisha kuijenga: watu waliomjua hawakuhitaji kukubaliana naye ili waamini kwamba hakuwa akiwasaliti. Fenno aliliona hili alipokuwa akisafiri na wabunge majimboni mwao. Imani ya jimbo humpa mbunge uhuru bungeni, na hujengwa miaka mingi kabla ya kura yenyewe.

Vipi pesa? Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Watafiti watatu, Ansolabehere, de Figueiredo na Snyder, walipozipitia mwaka 2003 tafiti nyingi kuhusu michango ya kampeni Marekani, waliona kwamba ukishahesabu chama, jimbo na itikadi ya mbunge, michango haionekani kuibadili kura kwa kiasi kikubwa. Hiyo haina maana kwamba pesa haina madhara. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 na Kalla na Broockman lilionyesha kinachonunuliwa. Kundi la wanaharakati liliomba kukutana na ofisi za wabunge. Ofisi zilizoambiwa kuwa wageni ni wachangiaji ziliwapa nafasi ya kuonana na wasaidizi wakuu zaidi ya mara tatu kuliko zilizoambiwa ni wananchi wa jimbo tu. Pesa hununua kiti mezani, na anayekaa mezani ndiye anayemtungia mbunge maelezo. Kwangu hilo ni baya karibu sawa na rushwa, na ni gumu zaidi kulishtaki mahakamani.

Linaungana na jambo jingine. Mbunge hawajui wapiga kura wake kama anavyodhani. Broockman na Skovron walichapisha mwaka 2018 utafiti uliolinganisha maoni halisi ya wananchi na yale ambayo wanasiasa wa majimbo ya Marekani walidhani wananchi wanayo. Wanasiasa wa vyama vyote viwili waliwadhania watu wao kuwa wahafidhina kuliko walivyo. Sababu mojawapo ni kwamba mbunge huwapima wananchi kwa wale wanaompigia simu na kufika ofisini. Anayenyamaza hahesabiwi.

Kuhusu kura ya wazi na ya siri, msimamo wangu ni wa kura ya wazi, lakini nataka tuwe wakweli kuhusu bei yake. Aprili 2013, wabunge wa mrengo wa kati-kushoto wa Italia waliafikiana kumchagua Romano Prodi kuwa rais wa nchi. Kura ya siri ilipopigwa, Prodi alipata 395, kama mia moja pungufu ya zile ambazo kambi yake peke yake ingeweza kumpa, na hadi leo wengi wa waliomgeuka hawajajitaja. Waitalia walikwishaona mchezo huo mara nyingi katika kupitisha sheria, na ndiyo maana mwaka 1988 walipunguza sana matumizi ya kura ya siri bungeni. Kura ya siri inamficha mbunge machoni pa chama na machoni petu kwa pamoja. Ya wazi inamfichua kwa wote wawili, na mara nyingi chama ndicho kinachoisoma orodha ya majina kwanza. Sisi tusipoisoma, uwazi unabaki kumtumikia mnadhimu peke yake.

Yapo maeneo ambako vyama hulegeza kamba. Juni 2017, Angela Merkel aliashiria kwamba ndoa ya watu wa jinsia moja ni suala la dhamiri, na baada ya siku chache Bunge la Ujerumani likaipitisha kwa 393 dhidi ya 226. Yeye mwenyewe alipiga kura ya hapana. Wabunge 75 wa kambi yake walipiga ndiyo. Kamba ikilegea, maisha ya mtu binafsi huanza kuonekana: dini, familia, mahali alipokulia. Ebonya Washington alionyesha mwaka 2008 kwamba miongoni mwa wabunge wa Marekani wenye idadi sawa ya watoto, wale wenye mabinti wengi zaidi walielekea kuunga mkono haki za uzazi za wanawake. Hakuna mnadhimu anayeweza kulitolea maelekezo hilo.

Kwa anayetaka kuandika kwa mbunge wake, nina ushauri wa utendaji. Mwandikie wakati muswada ungali kwenye kamati, kwa sababu ukifika kwenye kura ya mwisho wengi wameshawaahidi wengine. Taja kifungu, taja kinawafanya nini watu wa jimbo lake, na mpe sentensi mbili ambazo angeweza kuzitamka kwenye mkutano wa hadhara akiwa amepiga kura upande wako. Kisha muulize, kwa maandishi, akipiga kinyume atawaelezaje watu wa jimbo, na uombe jibu. Jibu likija, lisambaze jimboni. Lisipokuja, sambaza swali.