Hisa za benki na wastani wa faida wa miaka 10: dhana potofu na ukweli

"Nimechukua faida kwa hisa ya miaka 10, nimeirekebisha kwa mfumuko wa bei, nikatafuta wastani. Bei ni mara 6 tu ya wastani huo. Si ya kununua hiyo?" Wateja wanaoleta hesabu hii huwa wameifanyia kazi kweli, na mara nyingi hawajakosea kujumlisha. Wamekosea walichokijumlisha. Kwa kiwanda cha saruji kosa hilo lina nafuu kidogo. Kwa benki linaweza kugeuza jibu lote juu chini.

Dhana: wastani huo, ukisharekebishwa, ndio uwezo wa benki kuchuma leo

Hapana, na hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ina sura ya kisomi huku ikiwapeleka watu kwenye hisa mbaya.

Kipimo chenyewe kina asili nzuri. Tangu 1934, wachambuzi wa hisa Benjamin Graham na David Dodd walishauri faida ipimwe kwa wastani wa miaka isiyopungua 5, na ikiwezekana 7 au 10. Mwaka 1988 wachumi John Campbell na Robert Shiller walikitumia kwa faida iliyorekebishwa kwa mfumuko wa bei. Lakini wao walikuwa wanapima soko zima la hisa la Marekani. Kwenye fahirisi ya soko, kampuni inayodidimia hutolewa na inayokua huingia, kwa hiyo wastani unabaki na maana. Benki moja ikididimia, hakuna ya kushika nafasi yake kwenye hesabu yako.

Chukua benki mbili za mfano. Zote zinauzwa sh 70 kwa hisa, zote leo zina mtaji wa wanahisa (mali ukiondoa madeni) wa sh 60 kwa hisa, na mfumuko wa bei umekuwa asilimia 6 kila mwaka.

Ya kwanza ilianza miaka 10 iliyopita na mtaji wa sh 20 kwa hisa. Kila mwaka imechuma asilimia 18 ya mtaji iliouanza mwaka nao, ikagawa kidogo zaidi ya theluthi ya faida kama gawio na kubakiza iliyosalia. Faida ya mwaka wa kwanza ilikuwa sh 3.60, ambayo kwa fedha ya leo ni kama sh 6.08. Ukifanya hivyo kwa miaka yote, wastani unakuja kama sh 7.76. Bei ni mara 9.

Ya pili ilichuma sh 12 kwa hisa kwa miaka 5 ya mwanzo, kisha mikopo ikaharibika, wateja wakubwa wakahama, na kwa miaka 5 ya mwisho imechuma sh 4. Wastani wake uliorekebishwa ni sh 11.31. Bei ni mara 6.2.

Ukifuata kipimo unanunua ya pili. Lakini ya pili inachuma sh 4, yaani unalipa mara 17.5. Ya kwanza ikichuma asilimia 18 ya mtaji ilionao sasa, mwakani itapata sh 10.80, na wewe unalipa mara 6.5. Tazama pia marekebisho yenyewe yalivyochangia: bila mfumuko wa bei, wastani wa benki ya pili ungekuwa sh 8. Kuzidisha miaka ya zamani kwa 1.69, 1.59, 1.50 kumeipa uzito mkubwa zaidi miaka ile ile ambayo benki hiyo haifanani nayo tena.

Chanzo ni kwamba benki huchumia mtaji. Kenya inataka jumla ya mtaji wa benki isipungue asilimia 14.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari (mikopo na mali nyingine, kila moja kwa uzito wa hatari yake), kwa hiyo mtaji ndio unaoamua benki iweze kubeba mikopo kiasi gani, na mikopo ndiyo inayoleta riba. Benki iliyokuwa na sh 20 za mtaji na yenye sh 60 ni biashara mbili za ukubwa tofauti. Kuchanganya faida zao kwenye wastani mmoja ni sawa na kupima mapato ya basi la abiria 60 kwa kuyachanganya na ya miaka lilipokuwa hiace.

Citigroup, benki kubwa ya Marekani, inaonyesha hili kutoka upande wa pili, pale mtaji unapoingizwa kwa kuwapunguzia wanahisa wa zamani fungu lao. Mwaka 2006 ilipata faida ya dola bilioni 21.5 ikiwa na hisa zipatazo bilioni 5, kama dola 4.3 kwa hisa. Mwaka 2008 ikapata hasara ya dola bilioni 27.7. Mwaka 2009 hisa za upendeleo, zikiwemo za serikali ya Marekani, ziligeuzwa kuwa hisa za kawaida, nyingine mpya zikauzwa, na mwisho wa 2010 hisa zilikuwa kama bilioni 29. Faida ile ile ya 2006 ikigawanywa kwa hisa hizo ni senti 74. Aliyechukua faida kwa hisa kama ilivyotangazwa kila mwaka, 2001 hadi 2010, alikuta bei iko chini ya mara 4 ya wastani, hata baada ya kuingiza hasara yote ya 2008. Alikuwa anajihesabia faida ambazo tayari ziligawanywa kwa watu karibu mara 6.

Kwa hiyo acha kutafuta wastani wa faida. Tafuta wastani wa rejesho la mtaji (faida kama asilimia ya mtaji wa wanahisa), kisha liweke kwenye mtaji wa leo:

1. Kwa kila mwaka kati ya 10, toa kwenye ripoti kamili ya mwaka, wala si tangazo la gazetini, faida baada ya kodi inayowahusu wanahisa wa kampuni mama. Fungu la wabia wa nje kwenye kampuni tanzu lisiingie.
2. Igawe kwa mtaji wa wanahisa wa mwanzo wa mwaka. Kama hisa mpya ziliuzwa katikati ya mwaka, tumia wastani wa mwanzo na mwisho.
3. Toa mfumuko wa bei wa mwaka huo huo kwa kugawanya, si kwa kutoa tu. Rejesho la asilimia 18 na mfumuko wa 6 ni 1.18 kugawa kwa 1.06, yaani asilimia 11.3.
4. Tafuta wastani wa miaka 10, kisha uzidishe kwa mtaji wa leo kwa hisa, baada ya kuondoa thamani ya jina zuri la biashara (goodwill) na programu za kompyuta zilizoandikwa kama mali.

Kwenye mfano wetu, ambako hakuna mali za kuondoa, benki ya kwanza inatoa asilimia 11.3 ya sh 60, yaani sh 6.80, na bei ni mara 10.3. Ya pili, tukichukulia mtaji wake ulikuwa sh 60 muda wote, ilikuwa na rejesho la asilimia 20 kisha 6.7. Ukiondoa mfumuko wa bei, wastani wake ni asilimia 6.9, yaani sh 4.15 na bei mara 17. Mpangilio umegeuka, na sasa uko sahihi.

Wengine huuliza kwa nini benki ya kwanza imeshuka kutoka sh 10.80 hadi 6.80. Kwa sababu mtaji wa benki ni fedha tupu, na fedha huliwa na mfumuko wa bei. Fundi cherehani aliyekopa milioni moja ya vitambaa mwaka jana, mwaka huu anahitaji 1,060,000 kwa mzigo ule ule. Benki ikitaka kumhudumia bila kuvunja masharti ya mtaji, lazima mtaji wake nao ukue kwa asilimia 6, na hizo ni sh 3.60 za faida zisizoweza kugawiwa kamwe. Kinachobaki ni sh 7.20 za mwakani, ambazo kwa fedha ya leo ni 6.80. Kurekebisha faida za zamani kwa fahirisi ya bei hakugusi gharama hii hata kidogo.

Namba hiyo sasa inaweza kusimama mbele ya hatifungani ya serikali. Sh 6.80 kwa bei ya 70 ni asilimia 9.7 baada ya mfumuko wa bei. Kama hatifungani inalipa asilimia 13, halisi yake ni 6.6. Tofauti ya kama pointi 3 ndiyo malipo yako ya kubeba hatari ya benki. Binafsi sinunui chini ya pointi 3.

Dhana: mwaka wa hasara kubwa uondolewe, maana ni wa dharura

Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, ni gharama ya biashara ya benki, kama nyama inayooza kwa muuza bucha. Ukiondoa miaka mibaya unabaki na miaka ambayo mikopo hiyo hiyo mibaya ilikuwa inatolewa na kuhesabiwa riba. Iache ndani.

Tena ongeza hasara ambazo hazikupita kwenye taarifa ya faida kabisa. Kiwango cha uhasibu cha IFRS 9 kilipoanza 1 Januari 2018, benki zililazimika kutenga fedha kwa hasara zinazotarajiwa, na tengo la siku ya kwanza lilikatwa moja kwa moja kwenye faida limbikizi. Halikuonekana kwenye faida ya 2017 wala ya 2018. Utalikuta kwenye jedwali la mabadiliko ya mtaji, mstari wa mwanzo wa 2018. Mimi huligawa sawasawa kwenye faida za 2015, 2016 na 2017, kwa kuwa mikopo yenyewe ni ya miaka hiyo. Kwenye jedwali hilo hilo angalia akiba ya kisheria ya mikopo. Matengo ya Benki Kuu yakizidi ya kihasibu, ziada huhamishiwa huko bila kugusa faida. Akiba hiyo ikipanda mwaka hadi mwaka, faida inayotangazwa ni nono kuliko ukweli.

Dhana: miaka 10 inatosha daima

Inategemea ni 10 ipi. Kati ya katikati ya 2004 na mwanzo wa 2007 hakuna hata benki moja iliyofungwa Marekani chini ya bima ya amana, kwa hiyo wastani ulioishia 2006 ulijaa miaka mizuri. Kenya iliweka ukomo wa riba za mikopo Septemba 2016, pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu, ikauondoa Novemba 2019, na miezi michache baadaye korona ikaingia. Dirisha linalobeba miaka hiyo linapima sheria na janga pamoja na benki. Kanuni yangu ni kwamba dirisha liwe na angalau mwaka mmoja ambao matengo ya mikopo yaliruka wazi. Kama halina, rudi nyuma hadi uupate.

Dhana: uwiano wa bei kwa wastani wa faida wa miaka 10 ukipungua chini ya 17 ni nafuu, kwa kuwa ndio wastani wa kihistoria

Hiyo ni ya soko zima la Marekani kwa zaidi ya karne moja. Haihusiani na benki moja ya Nairobi wala Dar es Salaam, kwenye nchi yenye riba na mfumuko wa bei tofauti. Linganisha na hatifungani za nchi hiyo, kama hapo juu.

Dhana: hisa zikiongezeka, gawanya faida za zamani kwa uwiano ule ule

Kwa hisa zilizokatwa vipande, sawa: benki ya Equity ya Kenya ilipozikata 10 kwa 1 mwaka 2009, faida kwa hisa za kabla ya hapo zinagawanywa kwa 10. Kwa hisa za bonasi, zinazotolewa bure, 1 kwa 5, gawanya kwa 1.2. Citigroup ilipounganisha hisa 10 kuwa 1 Mei 2011, za nyuma zinazidishwa kwa 10.

Hisa mpya zinazouzwa kwa wanahisa waliopo ni jambo jingine, kwa sababu fedha imeingia. Benki ya CRDB ya Tanzania ilitoa 1 kwa 5 mwaka 2015, na wapo wanaogawanya faida za nyuma kwa 1.2 kana kwamba zilikuwa bonasi. Njia sahihi ni hii: tuseme bei sokoni ni sh 400 na hisa mpya ni sh 280. Hisa 5 za 400 na 1 ya 280 zina thamani ya 2,280, gawa kwa 6 upate 380. Kigawanyo ni 400 kwa 380, yaani 1.05. Anayetumia rejesho la mtaji hahitaji hata hesabu hii, maana fedha iliyoingia tayari imo kwenye mtaji.

Dhana: fahirisi ya bei ni mfululizo mmoja, unachukua tu namba

KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ilibadilisha mwaka wa msingi, na fahirisi ya sasa ya Kenya ina Februari 2019 = 100. Ukichanganya namba za mfululizo wa zamani na mpya, utaona bei "zimeporomoka" ghafla na faida zako za nyuma zitapungua pasipo sababu. Tumia viwango vya mfumuko vya mwaka hadi mwaka na uvizidishe mfululizo. Na kwa benki zenye matawi Kongo, kama Equity, KCB na CRDB, ambako sehemu kubwa ya biashara ya benki ni ya dola, mfumuko wa shilingi peke yake hautoshi: soma pia mstari wa tofauti za kubadilisha fedha chini ya faida, kwa kuwa shilingi inapopanda au kushuka mtaji wa matawi hayo husogea bila faida kuguswa.