Kuoza dampo si kugeuka mboji

Wako wengi wanaoamini kwamba maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na majani yaliyofagiliwa uani, hata yakipelekwa dampo pamoja na taka nyingine, yataoza tu na kurudi kuwa udongo, kwa hiyo manispaa inayojenga kiwanda cha mboji inajisumbua bure. Kuoza yataoza, lakini si kwa namna hiyo. Katika dampo kubwa kama la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, taka hulaliana hadi hewa ikakosa njia, na vijidudu vinavyoishi bila oksijeni huzalisha methani, gesi inayonasa joto zaidi kuliko hewa ukaa. Kinachobaki huwa kimechanganyika na plastiki, betri na vioo, na sidhani kama yupo mkulima atakayekitia shambani kwa hiari.

Katika kiwanda cha Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni, taka za masokoni hutengenezwa mboji. Tuta la taka hizo linalopinduliwa vizuri ili hewa ipenye hupanda joto kupita nyuzi 55 za Selsiasi, joto ambalo halitoki juani, kama wapita njia wanavyodhani, bali kwa vijidudu vyenyewe, nalo likidumu siku kadhaa huua vimelea na mbegu nyingi za magugu.