Kutumia Kompyuta ya Zamani Kulinda Mtandao wa Shule au Ofisi Ndogo

Kompyuta ya mezani iliyowekwa stoo kwa sababu haimudu tena matoleo mapya ya Windows bado inaweza kufaa kuwa ukuta wa moto, yaani mashine inayosimama kati ya intaneti na kompyuta nyingine zote, ikiamua mawasiliano yapi yapite na yapi yazuiwe. Programu za kazi hiyo, kama pfSense na OPNsense, zote zikiwa zimejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, hupatikana bila malipo. Kwa taasisi inayohifadhi matokeo ya wanafunzi au kumbukumbu za wateja jambo hili lina uzito, kwani nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa hizo azilinde.

Mashine iwe na prosesa ya biti 64, kwa kuwa pfSense iliacha kuhudumia za biti 32 kuanzia toleo la 2.4 la mwaka 2017. RAM ya GB 2 hadi 4 inatosha kwa ofisi ndogo. Kinachokosekana mara nyingi ni kadi ya pili ya mtandao, kwa sababu ukuta wa moto unahitaji poti mbili: WAN, inayopokea kebo kutoka kwenye ruta ya mtoa huduma, na LAN, inayokwenda kwenye swichi ya ofisi, yaani kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo za kompyuta. Nunua kadi ya kuchomeka ndani ya kasha, ikiwezekana ya Intel, na uepuke adapta za USB, ambazo hukatakata mawasiliano. Kumbuka pia kwamba usakinishaji unafuta kila kilichomo kwenye diski.

Sasa tufike mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Ukuta wa moto unalinda tu mawasiliano yanayopita ndani yake. Ruta ya mtoa huduma kwa kawaida ina Wi-Fi yake yenyewe pamoja na poti kadhaa nyuma, na ikiwa Wi-Fi hiyo itaachwa ikiwaka, simu na kompyuta mpakato za wafanyakazi zitaendelea kuunganishwa nayo na kutoka moja kwa moja, huku mhusika akiamini kwamba ofisi nzima imelindwa. Izime Wi-Fi hiyo, uache kebo moja tu kati ya ruta na poti ya WAN, kisha ufunge kifaa cha Wi-Fi upande wa LAN, baada ya swichi. Mimi humshauri kila mhusika afuate kebo kwa mkono, moja baada ya nyingine, kabla hajagusa mpangilio wowote kwenye skrini.

Hatua inayofuata ni anwani. Ruta nyingi hugawa anwani za 192.168.1, na programu hizi nazo huanza na 192.168.1.1 upande wa LAN. Pande mbili zikitumia safu moja, intaneti haitapita. Badilisha LAN iwe, kwa mfano, 192.168.10.1, na hapo hapo ubadilishe nywila ya awali, ambayo imechapishwa kwenye mwongozo na kila mtu anaijua.

Kanuni za kuanzia ni nzuri: yanayoanzishwa kutoka nje yanazuiwa, yanayoanzishwa kutoka ndani yanaruhusiwa. Hatari huja pale mtu anapofungua poti (hapa si tundu la kebo, bali namba ya mlango wa huduma fulani) 3389, ya kuendesha kompyuta ya Windows kwa mbali, ili afanye kazi akiwa nyumbani, au 445, ya kushirikiana mafaili, ili afikie mafaili ya ofisi. Poti 445 ndiyo iliyotumiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, kuenea duniani mwezi Mei 2017. Anayehitaji kuingia kutoka nje apitie VPN, yaani njia ya siri iliyosimbwa ndani ya intaneti, na programu yake, OpenVPN, tayari imo ndani ya programu zote mbili.

Umeme nao unahitaji maandalizi. Ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, weka mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, la sivyo ofisi itakosa mtandao hadi mtu afike kubonyeza kitufe cha kuwashia. Badilisha betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama, kwa sababu ikiisha, saa hurudi nyuma miaka kadhaa na vyeti vya usalama hukataliwa. Wakati wa usakinishaji chagua mfumo wa mafaili wa ZFS, ambao huvumilia zaidi kukatika kwa ghafla. Mashine ya wati 60 ikiwaka usiku na mchana hutumia takriban uniti 43 kwa mwezi, na gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti mapema.

Virusi vinavyoletwa na flashi havipitii kwenye ukuta wa moto, kwa hiyo hauwezi kuvizuia; hivyo ulinzi wa kila kompyuta ubaki palepale, na masasisho ya ukuta wenyewe yawekwe kila yanapotolewa.

Mwisho, hifadhi nakala ya mipangilio, ambayo ni faili moja dogo la XML, nje ya mashine hiyo. Diski ya zamani inaweza kufa siku yoyote, na ukiwa na faili hilo unaweza kuhamia kwenye kompyuta nyingine siku hiyo hiyo. Utakachohitaji ni kuainisha upya kadi ipi ni WAN na ipi ni LAN, kwa kuwa majina yake hubadilika kulingana na aina ya kadi.