Simu haipimi presha kwa kidole

Ujumbe ule umerudi kwenye magrupu ya Mtwara: pakua programu, weka kidole kwenye kamera, upate presha, zahanati ya nini? Kamera yenye tochi huona damu ikija na kuondoka kidoleni, hivyo inaweza kuhesabu mapigo ya moyo. Hapo ndipo watu huchanganya. Presha ni nguvu ya damu kwenye mishipa, na kipimo chake ni ule mkanda unaojazwa upepo mkononi. Utafiti wa Marekani wa 2016 uliijaribu programu moja ya aina hiyo: karibu watu 8 kati ya 10 wenye presha ya juu walioneshwa wako sawa. Ndiyo hatari yenyewe, mtu anaacha dawa. Jaribu: weka korosho badala ya kidole, uone kama namba itakuja; ikija, ujue ni ya kubuni. Kisha kapime presha zahanati, ulinganishe na ile ya programu. Ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze, mweleze aliyekutumia, taratibu tu.