Aksileta Inayokwama na Wito wa Kurejesha Mashine: Yanayosemwa Lamu na Yaliyo Kweli

Kisiwani Lamu, ambako magari ni ya kuhesabika na punda bado ndiye mchukuzi wa mitaani, mashine ya boti ndiyo inayobeba shughuli za kila siku: wanafunzi, wagonjwa, unga, saruji, na abiria wa Mokowe, Manda, Shela, Faza na Kizingitini. Aksileta ya mashine hiyo, yaani kidhibiti cha mafuta, ikikwama, boti ikaendelea kuvuta kwa nguvu wakati nahodha anataka ipunguze mwendo, hakuna abiria aliye salama. Kiwanda kinapogundua kwamba kasoro ya namna hiyo imetokana na kazi yake chenyewe, hutoa wito wa kurejesha, ambamo hutaja aina ya mashine, miaka iliyotengenezwa na mfululizo wa namba zinazohusika, na kueleza marekebisho yatakayofanywa bila malipo. Kwetu wito huo hufika umechelewa, au umepotoshwa, au haufiki kabisa, na pengo hilo limejazwa na maneno ambayo ninaamini yanahatarisha maisha ya watu.

Neno linalosikika zaidi ni kwamba wito wa kurejesha ni wa yule aliyenunua mashine mpya dukani, na kwamba aliyeinunua mkononi mwa mtu, au aliyeletewa kutoka Mombasa au Dubai, hahusiki. Ukweli ni kwamba wito hufuata namba ya mashine, si jina la mnunuzi. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa katika kishikizo kinachofungia mashine kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti, na itabaki kuwa ileile hata mashine ikibadilisha mikono mara tano. Boti zetu nyingi zimeundwa hapahapa, nyingine Matondoni, na maganda yake, yaani miili ya boti zenyewe, hayana namba yoyote ya kiwanda cha ng'ambo. Kwa hiyo kibati cha mashine ndicho kitambulisho pekee kinachoweza kumuunganisha mwenye boti na kiwanda. Anayekipaka rangi, au anayekiacha kiliwe na chumvi mpaka tarakimu zifutike, anajifungia mlango mwenyewe.

Hata hivyo, sitaki kumwambia mtu kwamba haki hiyo inapatikana kwa urahisi. Nchini Marekani, sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971 inawalazimu watengenezaji kuwaarifu wanunuzi na kurekebisha kasoro kwa gharama zao, na Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo ndio wanaosimamia utekelezaji wake. Sheria hiyo haivuki bahari kuja kumlinda mtu wa Faza. Wakala wa hapa anaweza kukataa kuirekebisha bure mashine ambayo hakuiingiza yeye nchini. Lakini taarifa yenyewe ya usalama, yaani ni kipande gani kina kasoro na kinakwama vipi, inabaki kuwa kweli popote mashine ilipo, na fundi anaweza kuifanyia kazi hata wakala akikataa. Tena Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa kwa hasara au jeraha lililosababishwa na kasoro ya bidhaa. Aliyenunua kwa mfanyabiashara wa humu nchini na akahifadhi risiti ana mahali pa kuanzia.

Wengine huogopa kwamba mashine ikishapelekwa itachukuliwa moja kwa moja, na familia ikose riziki. Hofu hii ninaielewa, kwa sababu neno kurejesha linaweza kumtisha mtu ambaye mashine ndiyo mali yake yote. Mara nyingi kinachofanywa ni kubadilisha au kuongeza kipande kidogo tu. Mwezi Januari 2010 kampuni ya Toyota iliita magari yapatayo milioni 2.3 nchini Marekani kwa sababu pedali ya mafuta iliweza kukwama au kurudi polepole, na tiba iliyotolewa kwa magari mengi ilikuwa kipande kidogo cha chuma kilichoingizwa ndani ya pedali ileile. Hakuna aliyenyang'anywa gari lake.

Mfano huohuo unajibu dhana nyingine, ile ya nahodha anayesema kwamba mashine yake ina miaka na haijawahi kukwama hata siku moja, kwa hiyo haina kasoro. Pedali zile nazo zilifanya kazi vizuri zilipokuwa mpya. Sehemu ya ndani yenye kazi ya kuleta ukinzani ililika kadiri ya matumizi, na hewa ilipokuwa na unyevunyevu mwingi ndipo ilipoanza kushika. Kasoro ya namna hii hukaa kimya mpaka kulika kwa kipande na hali ya hewa vikutane. Ni vigumu kupata mahali penye unyevunyevu na chumvi kuliko mlangoni mwa bahari yetu, ambako mashine hulala nje usiku kucha. Miaka ya kutokwama haithibitishi kwamba mashine ni nzima, na huenda kipande chenyewe ndicho kinachokaribia mwisho wake.

Wapo pia wanaodai kwamba matatizo haya ni ya mashine za kisasa zenye kompyuta, na kwamba mashine yao ya zamani yenye kabureta na waya haiguswi. Baada ya malalamiko dhidi ya Toyota, serikali ya Marekani iliwapa wahandisi wa NASA, shirika lake la anga za juu, kazi ya kuchunguza mfumo wa elektroniki wa magari hayo, na ripoti iliyotolewa Februari 2011 haikupata ushahidi kwamba elektroniki ndiyo iliyosababisha magari kukimbia kwa kasi kubwa yenyewe. Sababu zilizothibitishwa zilikuwa pedali inayokwama na zulia la sakafuni linaloizuia. Waya, springi na vipande vinavyosuguana vina hatari zake, tangu zamani.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni ile inayosema kwamba mkono ukiachia, mashine itapunguza yenyewe. Vijana wengi wanaoshika boti siku hizi walianza na bodaboda, na kwenye pikipiki hilo ni kweli, kwani springi hurudisha mafuta mara kiganja kinapolegea. Ni kweli pia kwa pikipiki za theluji zinazotumiwa Kanada na kaskazini mwa Marekani, ambazo mafuta yake hufunguliwa kwa kitasa kinachosukumwa na dole gumba. Kwa kuwa barafu inaweza kuganda ndani ya kabureta au kwenye waya na kuishinda springi, nyingi kati ya hizo huwekewa swichi inayozima mashine endapo dole limeachia huku mafuta yakiwa bado wazi. Kasoro ikipatikana katika sehemu hizo, tangazo huwaambia wenye pikipiki waache kuzitumia mara moja mpaka zirekebishwe.

Mashine ya boti haikuundwa hivyo. Mkono wake wa kuongozea una skrubu ya kukaza inayoifanya aksileta ibaki pale ilipoachwa, ili nahodha asichoke katika safari ndefu, na ile ya kuendeshwa kwa usukani ina wenzo unaobaki mahali pake vilevile. Kwa hiyo wimbi la kusi likimtupa nahodha nje, boti itaendelea kwa kasi ileile, na mara nyingi itazunguka na kumrudia majini, rafadha ikiwa inazunguka. Mwezi Mei 2013, huko Padstow nchini Uingereza, familia nzima ya watu sita ilitupwa nje ya boti namna hiyo. Boti ikazunguka, na baba na bintiye wakafariki. Kamba ya kuzimia mashine, ile inayochomoka kwenye swichi nahodha akitupwa, haikuwa imefungwa kwa nahodha.

Kamba hiyo huonekana kwetu kama kitu cha watalii na wanaojifunza. Nimewaona manahodha hodari, wanaoujua mkondo wa Mkanda usiku bila taa, wakiiacha imechomekwa kwenye swichi huku upande wa pili ukining'inia tu, au wakiweka kipande cha plastiki mahali pake ili mashine iwake. Ustadi wa kusoma maji haumsaidii mtu ambaye tayari yumo majini. Tangu tarehe 1 Aprili 2021, Marekani inawalazimu waendeshaji wa boti za starehe zisizofikia futi 26, mashine yake ikiwa na nguvu za farasi 3 au zaidi, kutumia kifaa hicho wanapokwenda kwa kasi. Natamani kanuni kama hiyo itekelezwe kwa dhati katika kila boti inayobeba abiria kati ya Mokowe na Lamu.

Aksileta ikikwama nahodha akiwa bado chomboni, kuna anayeamini kwamba la kwanza ni kung'oa mpira wa petroli. Mafuta yaliyomo ndani ya kabureta na mpirani yanatosha kuiendesha mashine kwa muda, na muda huo unatosha kuifikia gati au mtumbwi wa mvuvi. Mwingine hukimbilia kutoa gia, ambapo mashine iliyofunguliwa mafuta hupaa mzunguko kwa kukosa mzigo, na mkono uliojaa hofu unaweza kupitiliza nyutro ukaingiza gia ya nyuma. Kinachotakiwa kwanza ni kuzima mashine kwa kuvuta kamba au kubonyeza kitufe, kisha kushika usukani mpaka boti isimame.

Kuhusu mafundi, nawaheshimu sana, lakini kupaka grisi si kurekebisha kasoro ya kiwanda. Waya ulioliwa na chumvi utanufaika kwa kusafishwa au kubadilishwa. Kipande kilichokatwa vibaya kiwandani kitalainika kwa siku chache, kisha kitarudi kukwama mahali pale pale.

Anayetaka kujua hali ya mashine yake aanze kwa kupiga picha ya kibati, kisha aitafute namba hiyo katika ukurasa wa usalama wa kiwanda kilichoitengeneza, au amwandikie wakala wa Mombasa au Nairobi akieleza aina, namba na mahali ilikonunuliwa, na aombe jibu la maandishi. Wakati anasubiri, boti isibebe abiria iwapo aksileta imeanza kuwa nzito au hairudi kwa wepesi. Marekebisho yakishafanywa, fundi aandike namba ya mashine, tarehe na spea iliyobadilishwa, na karatasi hiyo ikabidhiwe pamoja na mashine siku itakapouzwa.