Pikapu Inaruka Sana? Usikimbilie Kuongeza Springi

Hapa chuoni kwenye kitengo cha ufundi magari kuna swali haliishi, na wanaouliza ni watu wa kila aina, mwenye Hilux ya shamba, dereva wa mradi, mtu aliyehama kutoka kwenye Corolla juzi tu akanunua dabo kebini: mwalimu hii gari inaruka mno, nifanyeje? Na wengi wanafika kwetu wakiwa wameshapewa jibu mtaani, kwamba ongeza springi. Niseme mapema kabisa, kama shida yako ni kuruka hilo jibu mara nyingi ndo linaharibu zaidi, na inaniuma kuona mtu anatoa hela yake ya jasho kununua tatizo jipya.

Tuanze na gari yenyewe. Pikapu kama Hilux, D-Max, Ranger au L200 springi zake za nyuma ni zile za pleti, vyuma bapa vilivyopangwa juu kwa juu, na zimetengenezwa gari ibebe karibu tani moja, dabo kebini pungufu kidogo. Sasa uko peke yako ndani, bodi tupu, ile springi iliyoandaliwa kwa tani haina cha kubeba, haikunjiki, kwa hiyo kila shimo linarushwa moja kwa moja juu. Gari ndogo ya abiria inanesa kama mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde, mwili wa binadamu unaivumilia vizuri, ila pikapu tupu upande wa nyuma inaweza kufika mara mbili na zaidi ndo maana shingo na mgongo vinachoka haraka. Kwa maana hiyo kiasi fulani cha kuruka ni tabia ya gari, hutakimaliza. Kinachotakiwa ni kujua tabia inaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi.

Na ugonjwa wenyewe siyo suala la raha tu. Tairi ikiruka imeiacha barabara, na tairi iliyoiacha barabara haina breki wala haina kona. Tunajua hizi pikapu zetu vijijini zinabeba nini, mama mjamzito anakimbizwa kituo cha afya, watoto wa shule, watu wa mnadani na mbuzi wao nyuma kwenye bodi. Kwa hiyo nikisema kagua shokapu naongelea hao watu.

Kabla hujashika spana jiulize inaruka LINI. Kama ni ukipita tuta moja halafu nyuma inaendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu kabla ya kutulia, hapo shokapu ni mtuhumiwa wa kwanza. Kama ikiwa tupu inapiga kwa ukali ila ukiweka kilo mia tatu inatulia vizuri, hiyo karibu yote ni springi ngumu na upepo mwingi. Kama ni lami nzuri kabisa na mtikisiko unaanzia spidi fulani, tuseme 80, ukipunguza unapotea, usihangaike na springi, angalia tairi na rimu, balansi, rimu iliyopinda, tairi yenye uvimbe au iliyokaa mahali pamoja muda mrefu ikapata bapa, na propela shafti (ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma) yenye krosi, yaani kiungo chake, iliyochoka. Na kama inagonga kabisa, unasikia chuma au mpira unapiga chini, basi springi imelala imefika kwenye ile mipira ya kuzuia ekseli isigonge chesesi, au umezidisha mzigo. Hivi vitu vinne dereva wengi wanaviita jina moja tu "inaruka" alafu fundi naye anabahatisha.

Upepo ndo pa kuanzia kwa sababu ni bure. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, fungua mlango uangalie, kuna kibandiko kinachoonyesha upepo wa mbele na nyuma, na kwenye pikapu nyingi kuna wa gari tupu na wa gari yenye mzigo. Tunapima magari yanayokuja hapa unakuta tairi za nyuma zina psi 50 (psi ndo kipimo cha upepo), bodi haina hata ndoo, ukimuuliza mwenye gari anakwambia fundi wa pancha ndo alijaza hivo, ili "zisichoke". Tairi ngumu namna hiyo hailainiki kwenye kokoto, inadunda. Rudisha kwenye namba ya kibandiko, pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi maana ikishatembea inapata joto na namba inapanda, kila nyuzi tano sita za joto inaongeza karibu psi 1. Usishuke chini ya kibandiko kutafuta ulaini, tairi yenye upepo mdogo inapata moto ubavuni inapasuka. Na siku ya mzigo unaongeza, siyo unasahau. Kama gari imevalishwa tairi za kazi nzito zenye ubavu mgumu jua pia na zenyewe zinachangia, ukifika muda wa kubadilisha chagua zinazotosha mzigo wako wa kweli na zisizopungua uwezo alioandika mtengenezaji.

Sasa shokapu. Wengi wanaamini shokapu ndo inabeba gari, hapana, inayobeba ni springi, shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kunesa. Ndani kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo na vavu, ile nguvu ya kuruka inageuka joto. Ndo maana ukikimbiza gari kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, mfano ile ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi kule Serengeti, baada ya muda unaona gari imeanza kulegea, oili imechemka na kutoa povu na povu halina ukinzani. Hapo dawa ni kupunguza mwendo au kusimama zipoe zenyewe. Usimwagie maji.

Lile jaribio la kukandamiza bodi kwa mikono halafu unaachia lina msaada kwenye gari ndogo na kwa mbele, ila nyuma ya pikapu springi ni ngumu hata watu wawili hawaikandamizi vya kutosha, kwa hiyo usiamini ukiambiwa "nzima hizi" kwa kusukuma tu. Ziko njia bora. Ya kwanza endesha kwenye barabara mbaya dakika kumi na tano au ishirini, simama sehemu salama, zima gari, vuta hendibreki, sogeza mkono karibu na shokapu taratibu bila kuikumbatia maana inaweza kukuunguza, linganisha kulia na kushoto kwenye ekseli ileile. Iliyo baridi wakati mwenzake ina moto haifanyi kazi. Ya pili ni macho, ukungu mdogo wa oili juu ya silinda siyo kesi, ila ikiwa imelowa inateremka hadi chini na vumbi limegandia, imekwisha. Angalia na fimbo yake kama imekwaruzwa au kupinda. Ya tatu ni kupitisha kiganja kwenye tairi, ukikuta imeliwa mabonde mabonde, hapa imeshuka hapa imepanda kuzunguka duara, hiyo tairi imekuwa ikirukaruka muda mrefu.

Na njia ninayoipenda kuliko zote, fungua nati ya chini uitoe shokapu kwenye ekseli, uisukume na kuivuta kwa mkono ikiwa wima. Nzima inakataa kwa usawa mwanzo hadi mwisho, na kuivuta ni kugumu kuliko kuisukuma. Mbovu utaisikia, inakwenda bure sentimita kadhaa ndo inashika, au inateleza tu kama pampu tupu. Ya gesi ukiisukuma ndani ukaachia inatoka yenyewe taratibu, isipotoka gesi imeshaisha. Dakika chache tu hizo, na zinakuokoa kununua shokapu nne wakati mbovu ni mbili.

Ukinunua nunua kwa jozi ya ekseli, siyo moja. Za mtumba mimi sishauri kabisa, hujui zimetembea wapi na mpira wake umezeeka. Mpya kabla hujafunga isimamishe wima uivute na kuisukuma mara kadhaa ili hewa iliyoingia kwenye oili ikiwa imelazwa stoo itoke, usipofanya hivo unaweza kufikiri umeuziwa feki.

Tukirudi kwenye springi, lala chini ya gari (imesimama kwenye tairi zake, na vizuizi vya tairi umeweka) uangalie pleti moja moja kwa tochi. Pleti iliyopasuka mara nyingi mstari wake una kutu nyekundu. Senta bolti, ile ya katikati inayoshika pleti pamoja, ikikatika ekseli inahama, gari inatembea upande. Pleti zenye kutu nzito zinashikana, zinakuwa kama pleti moja nene isiyokunjika, na hapa kuna jambo watu hawalijui: springi isipokunjika shokapu nayo haitembei, gari inabaki inadunda juu ya tairi, na tairi haina shokapu. Unaweza kufunga shokapu za bei mbaya na usione tofauti yoyote. Dawa ni kushusha springi, kuzifungua, kusugua kutu, kurudisha vile vipande vya plastiki au mpira vya kwenye ncha za pleti kama gari yako ilikuja navyo. Ile tabia ya kupulizia oili chafu chini ya gari iachwe jamani, inakamata vumbi na inaozesha bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya springi, unatibu kidogo unaharibu kikubwa.

Bushi na shakeli pia. Shakeli, kile kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi, lazima icheze, ikiganda springi haina pa kurefukia. Na kosa la gereji nyingi, wanafunga bushi mpya gari ikiwa juu ya jeki, springi inaning'inia, wanakaza mpaka mwisho hapohapo. Gari ikishuka ule mpira tayari umejinyonga, unaongeza ugumu na baada ya muda mfupi unachanika. Bolti za bushi zinakazwa mwisho gari ikiwa chini na uzito wake wote.

Kuhusu kuongeza pleti sasa. Ukiongeza, springi inakuwa ngumu zaidi na nyuma inapanda, gari tupu ndo itaruka kweli. Na kuna hatari isiyoonekana. Hilux na Land Cruiser pikapu nyingi zisizo na mfumo wa breki wa kisasa zina vavu juu ya ekseli ya nyuma yenye fimbo ndefu, inasoma nyuma imelala kiasi gani ili kujua mzigo na kugawa nguvu ya breki. Ukiinua nyuma kwa pleti za ziada ile vavu inadhani gari ni tupu hata ukiwa umepakia saruji, inapunguza breki za nyuma, unateremka mlima mbele ndo inafanya kazi karibu yote. Anayebeba mzigo mzito kila siku ana haki ya kuongeza, ila arekebishe na hiyo fimbo kwa vipimo vya mtengenezaji, na fundi asiyeijua asiguse. Wewe ambaye mzigo wako ni wa mara mojamoja, kama gari ilikuja na pleti zilizoongezwa na mwenye gari wa zamani, kuzitoa kurudi kiwandani ilivyokuwa kunaweza kuwa tiba nzima.

Kwa anayetembea tupu muda mwingi, viroba vya mchanga kilo 80 hadi 100 hivi vinasaidia kweli, viwekwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma siyo mlangoni kwa nyuma, na vifungwe kamba, maana kiroba kisichofungwa kwenye ajali kinaruka. Ukipakia mzigo vitoe, navyo ni sehemu ya ile tani.

Kwa mbele kifupi tu. Magari kama Nissan Hardbody na D-Max za kizazi cha kwanza hazina koili springi mbele, zina tosheni baa, chuma kinachojipinda, na ipo bolti ya kuirekebisha. Watu wanaikaza sana ili pua ya gari ipande, matokeo yake mguu unakaa karibu na kizuizi kinachouzuia usishuke zaidi na kila shimo unagonga unaporudi chini. Irudishwe kwenye kimo cha kitabu, kisha ipelekwe alaimenti, kunyooshwa mwelekeo wa magurudumu.

Kazi ya springi ikiisha andika kilomita za siku hiyo, tembea kama 500, urudi yubolti (zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zikazwe tena kwa kipimo gari ikiwa chini, kwa sababu pleti zikishakaa sawa zile nati lazima zilegee kidogo, na yubolti iliyolegea ndo inayokata senta bolti.