Utupa, upupu na pua ya muuza samaki

Kilichomleta kliniki ni mkono wa kulia. Akiwa ameketi, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisuguana kama vya mtu anayevuta tasbihi isiyokuwepo; akinyanyua kikombe cha maji, mkono unatulia. Mwanawe ndiye aliyekuwa msemaji. Baba ameuza samaki pale Deep Sea, hapa Tanga, zaidi ya miaka thelathini. Sasa daftari lake la madeni halisomeki, kwa sababu kila mstari unaanza na herufi za kawaida upande wa kushoto na kuishia na herufi kama sisimizi.

Nilikwishamwamkia mzee, nikamuuliza jambo lililoonekana kumkera kijana.

"Mzee wangu, harufu ya samaki unaisikia?"

Tabasamu lilichelewa kufika usoni. "Mwaka wa nane huu, mwanangu, sisikii kitu. Changu wa leo na changu wa juzi kwangu mamoja. Nafunua shavu, nikiona wekundu nanunua, nikiona kahawia naacha. Wenzangu hawajui."

Miaka minane alinunua samaki kwa macho na hakuna aliyemshtukia! Kijana alimtazama baba yake, akanigeukia mimi: "Kwani dokta, pua na mkono vina undugu gani?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Hapa namjibu kwa kirefu. Ruhusa ya kusimulia nimepewa, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha mzee nimeyabadilisha.

Ugonjwa wenyewe ni Parkinson, jina la daktari wa London aliyeuandika mwaka 1817. Mtaani walikwishautafsiri kwa njia mbili: kuna waliosema ni uzee, kuna waliosema mzee kachezewa. Wa pili sigombani nao sana, maana angalau wanakubali kwamba kuna kitu kimetokea. Wanaonikera ni wale wa "uzee tu". Uzee hauchagui mkono mmoja ukauacha mwingine. Ugonjwa huu unapiga seli fulani, mahali fulani, na tunajua mengi kuhusu zinavyokufa.

Tuanze na protini. Kila protini mwilini hutengenezwa kama uzi wa shanga ndogo ziitwazo asidi amino, kisha uzi ule hujikunja ukapata umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi. Iko moja iitwayo alfa-sinukleini, uzi mfupi tu wa asidi amino 140, inayokaa kwenye ncha za seli za ubongo na kusaidia vifuko vinavyobeba ujumbe kutoka seli moja kwenda nyingine. Kwa kawaida uzi huu uko legelege, haujashikamana na mwenziwe. Shida huanza pale nyuzi zinapojipanga bapa juu ya bapa na kujisokota. Aliyekulia Tanga hahitaji mchoro hapa. Singa moja ya mkonge unaikata kwa meno, lakini singa zikishasokotwa zikawa kamba, zinafunga meli gatini. Seli ina mikasi ya kukata singa. Ya kukata kamba haina.

Kamba zile, pamoja na vipande vya utando na mabaki mengine, hurundikana ndani ya seli zikawa vidonge ambavyo Friedrich Lewy alivieleza mwaka 1912 akitazama kwa hadubini. Ilichukua miaka 85 kujua vimeundwa na nini. Mwaka 1997 familia za Italia na Ugiriki zenye Parkinson ya kurithi ziligundulika kuwa na kasoro kwenye jeni ya alfa-sinukleini, na mwaka huohuo ikaonekana kwamba vidonge vya Lewy vimejaa protini hiyo hiyo, hata kwa wagonjwa wasio na kasoro ya kurithi. Lakini kilichonishangaza zaidi nilipokuwa nasoma ni ugunduzi wa mwaka 2003, wa familia moja ya Marekani ambayo jeni yao ilikuwa nzima kabisa, ila ilijirudia mara tatu. Protini yao haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa nyingi mno tu, na wingi peke yake ukatosha kuwaletea ugonjwa.

Sasa undugu wa pua na mkono. Protini iliyokunjika vibaya ina tabia ya kumwambukiza mwenziwe umbo lake: ikimgusa mzima, naye hujikunja vivyo hivyo. Stanley Prusiner alipendekeza jambo la namna hii mwaka 1982 akalipa jina prioni, wengi wakambeza, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa Parkinson ushahidi mzito ulikuja mwaka 2008. Kuna wagonjwa waliokuwa wamepandikizwa ubongoni seli changa, na zaidi ya miaka kumi baadaye, walipofariki na kuchunguzwa, vidonge vya Lewy vilikutwa ndani ya zile seli changa pia. Seli zisizo na umri wa kuugua zilikuwa zimeugua kwa ujirani. (Kabla hamjaanza kutenga vikombe nyumbani: Parkinson haiambukizwi mtu kwa mtu. Haipiti kwenye sahani, wala kitandani, wala kwa kumwogesha mgonjwa. Ujirani ninaousema ni wa seli na seli ndani ya kichwa kimoja.)

Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake walipanga ramani ya safari hiyo. Kwa wagonjwa wengi, waliona, vidonge huanzia kwenye kituo cha harufu nyuma ya pua na chini kabisa ya ubongo, kwenye mzizi wa neva inayokwenda tumboni, kisha hupanda. Mahali panapoendesha mwendo wa mikono na miguu hufikiwa baadaye. Ndiyo maana pua hutangulia, na choo kigumu hutangulia, wakati mwingine kwa miaka mingi. Nilipomuuliza mzee kuhusu choo, kijana alitoka nje kwa aibu. Jibu lilikuwa lile nililolitegemea.

Mahali penyewe ni doa jeusi dogo katikati ya ubongo, jeusi kwelikweli kwa rangi, ambapo seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayobeba ujumbe wa mwendo. Ubongo wa aliyekufa na Parkinson ukiukata, doa lile limepauka. Mkono unapoanza kutetemeka, karibu nusu ya seli zile au zaidi zimekwisha kufa. Kwa nini hizi na si jirani zake? Mimi naona jibu liko kwenye gharama za maisha yao. Ubongo mzima ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati, na seli hizi ni wafujaji hata kwa kipimo hicho: moja hukadiriwa kuwa na maungio zaidi ya milioni moja na seli nyingine, na hupiga mapigo mchana na usiku bila kusubiri kuitwa. Mtu mwenye matumizi makubwa hivyo, mshahara ukichelewa wiki moja tu anaaibika.

Mshahara wa seli, yaani nishati, hutoka kwenye mitokondria, viwanda vidogo vilivyomo ndani yake, na hapa ndipo utupa unapoingia. Wavuvi wa zamani wanaujua: majani yanapondwa, yanamwagwa kwenye dimbwi la mto, na baada ya muda samaki wanaelea matumbo juu. Sheria inakataza, na inafanya vizuri. Sumu iliyomo, rotenoni na jamaa zake, haimchomi samaki wala haimkabi kwa nje. Inaingia kwa mashavu na kuziba hatua ya kwanza kabisa ya mitambo ya nishati ndani ya mitokondria. Hewa ipo, damu inazunguka, lakini moto wa ndani umezimwa. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa panya rotenoni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na panya wakapoteza seli za dopamini, zilizobaki zikaota vidonge vinavyofanana na vya Lewy. Kabla ya hapo, mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyokosewa kutengenezwa waliganda miili ndani ya siku chache. Kichafuzi kilichokuwamo, MPTP, hugeuzwa ubongoni kuwa sumu inayoingia kwenye seli za dopamini na kuziba hatua ileile. Na mwaka 2011 utafiti kwa watu wanaofanya kazi na viuatilifu mashambani Marekani ulionyesha kwamba waliowahi kutumia rotenoni au parakwati, dawa ya kuua magugu, walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson takriban mara mbili na nusu ya wenzao.

Sisemi mzee wangu kaugua kwa utupa. Nilimuuliza, akaapa hajawahi kuushika, na nilimwamini kwa jinsi alivyochukia swali. Nasema nishati na usafi ni jambo moja. Mitokondria mbovu huvuja oksijeni kali inayochoma protini, protini zilizochomwa hujikunja ovyo, na kuzifagia kunahitaji nishati ambayo haipo.

Kufagia kwenyewe seli hufanya kwa njia mbili. Protini moja moja iliyoharibika hubandikwa alama iitwayo ubikwitini, kisha husagwa. Waliolieleza hilo walipata Nobel ya kemia mwaka 2004. Takataka kubwa huzungushiwa utando na kupelekwa kwenye mfuko wa tindikali, lisosomu, zikayeyushwe; Yoshinori Ohsumi alipata Nobel mwaka 2016 kwa kufichua jeni zinazoendesha kazi hiyo. Hata mitokondria iliyokufa hutupwa humo, na wanaorithi kasoro kwa baba na kwa mama kwenye jeni za PINK1 au parkini, zinazoweka alama kwenye mitokondria ya kutupwa, huugua wangali vijana. Seli ya ngozi ikizidiwa na uchafu hugawanyika, mzigo ukawa nusu kwa nusu. Seli ya ubongo haigawanyiki. Uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo, na kila kisichofagiliwa leo kipo kesho. Meza ya samaki usipoiosha jioni moja haina neno. Iache siku tatu, kisha mwite mteja.

Nikishaelewa hivyo, magonjwa mengine ya jamii hii huniwia ndugu wanaotofautiana sura. Huntington, ugonjwa wa kurithi unaorusha viungo ovyo, ni protini ya hantingtini yenye mkia mrefu kupita kiasi, kwa sababu herufi tatu za jeni zimejirudia mara 40 au zaidi. Jeni ilipatikana mwaka 1993. Ugonjwa wa kukauka misuli wa ALS mara nyingi ni protini iitwayo TDP-43, iliyotambuliwa mwaka 2006, ikitoka kwenye kiini cha seli na kurundikana nje yake.

Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anazo protini mbili. Amiloidi beta hujirundika nje ya seli, na tau hujisokota ndani. Tau nailinganisha na mataruma ya reli yetu ya kwenda Moshi. Kazi yake ni kushikilia mirija midogo ambayo mizigo ya seli husafirishwa juu yake, na kuna seli zenye mkia wa karibu mita moja, kutoka mgongoni hadi mguuni. Tau ikibandikwa fosfeti nyingi kupita kiasi hung'oka, reli hulegea, na mataruma yaliyong'oka yanafungana rundo palepale njiani. Alois Alzheimer aliyaona yote mawili mwaka 1906 kwenye ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter.

Kwa muda mrefu fedha nyingi za utafiti zilikwenda kwenye amiloidi, na nitasema bila kuficha kwamba naona ilizidishwa. Lekanemabu, kingamwili iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, huisafisha vizuri, lakini katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya akili kuporomoka kwa asilimia 27 tu. Ukifika na ufagio nyumba imekwisha ungua, unafagia majivu.

Dawa ya mzee ni ya zamani na ya bei nafuu kuliko hizo: levodopa, ambayo ubongo huigeuza dopamini. Haimzuii mwizi, inarudisha sehemu ya mali. Na hapa kijana alichangamka, maana alikuwa amesikia kwamba levodopa imo ndani ya upupu. Ni kweli. Upupu uleule tuliokuwa tukirushiana shuleni, mtu akajikuna hadi machozi, mbegu zake zina levodopa, gramu kadhaa katika kila gramu mia. Lakini mbegu haina kipimo: hii ina nyingi, ile ina kidogo, na kidonge kimeongezwa kitu cha pili kinachozuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika kichwani na kumtapisha mtu. Nilimkatalia.

Nilipomwandikia dawa, nilimwambia mzee ameze nusu saa kabla ya kula.

"Samaki nisile?"

"Kula. Ila dawa itangulie." Samaki ni protini, protini ikisagwa ni asidi amino, na levodopa nayo ni asidi amino. Zote hupita mlango mmoja, utumboni na tena kwenye kuingia ubongoni, na zikifika pamoja zinasukumana.

Alirudi baada ya wiki sita. Sasa anameza akitoka kuswali alfajiri, anakaa barazani, chai na boflo baadaye. Kanzu alikuwa ameifunga vifungo mwenyewe, mpaka cha juu. Pua haikurudi, nami nilikuwa nimemwambia haitarudi, kwa kuwa dopamini haigusi upande ule. Kijana alikuja na changu kwenye mfuko, zawadi yangu, amemnunua asubuhi ile peke yake. Mzee aliuomba mfuko, akafunua shavu la samaki kwa kidole kisichotetemeka, akatazama ndani, kisha akamrudishia mwanawe.

"Huyu wa jana."